Boti ya Bahari Kuu, Mwisho wa Reli: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kigoma

Mzee wa kisa hiki ni mzaliwa wa Ujiji aliyefanya kazi kwenye meli za mizigo mpaka akafikia usarahangi, yaani ukuu wa mabaharia. Alipostaafu alirudi nyumbani na kiinua mgongo, nyumba isiyodaiwa na hamu moja iliyomkaa moyoni miaka mingi: kuishi juu ya maji, kwenye chombo chake mwenyewe. Kigoma boti ni ya kuvulia dagaa au ya kubebea abiria na magunia. Anayelala ndani yake kwa hiari huulizwa kama amegombana na mkewe.

Tanga ilikuwapo boti ya matanga ya futi 38, ya faiba, mali ya mume na mke kutoka Ulaya waliozunguka nayo Bahari ya Hindi mpaka umri ukawaambia basi. Bei ilikuwa ya watu wanaotaka kuondoka. Mzee alishatanguliza sehemu ya fedha kabla hajamuuliza mtu. Mpwa wake, ambaye hupeleka watalii hifadhi ya Gombe kwa boti ya kukodi, akaingia ubia kwa sharti moja: boti iletwe Kigoma, Mzee aishi humo, na msimu wa kiangazi ichukue wageni wanne hadi hifadhi ya Mahale, kusini mwa Kigoma. Mimi niliitwa kama fundi, nikatakiwa niseme kama boti ni nzima.

Swali hilo lilikuwa na jibu jepesi. Ni nzima. Nilichoandika hapa, kwa ruhusa yao na bila majina, kinahusu swali ambalo hakuna aliyeliuliza mwanzoni: imekamilika kwa maji gani, na kwa ufuo gani?

Kilichokuwamo ndani

Nitaieleza kwa kirefu maana boti ya namna hii haionekani mara nyingi upande wetu. Urefu mita 11.6, upana mita 3.7. Chini inazama mita 1.9, kwa sababu mkuku wake, yaani uti wa chini ya boti, ni mrefu na umebeba farumi (uzito wa kuituliza boti) ya risasi ya tani tatu na nusu. Uzito wote ikiwa tupu ni tani tisa. Mlingoti ni wa alumini, mita 16, umeshikwa na nyaya za chuma kisichoshika kutu. Tanga kuu linapunguzwa kwa mikunjo mitatu, tanga la mbele linajisokota kwenye waya wake, na ndani ya mfuko wa rangi ya machungwa kulikuwa na matanga mawili madogo ya dhoruba, ya kitambaa kizito, mikunjo yake ya kiwandani bado ikionekana.

Kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, palifungwa usukani wa upepo. Ni bawa jembamba la mbao linaloinama upepo ukibadilika; likiinama linazungusha kasia ndogo iliyo majini, kasia inasukumwa na maji na kuvuta kamba, kamba inageuza usukani wa boti. Hauli umeme hata chembe. Watu wawili wanaovuka bahari hawawezi kushika usukani mchana na usiku kwa zaidi ya wiki, kwa hiyo kifaa hiki ndicho baharia wao wa tatu, asiyelala wala kula. Mzee alikishikashika kwa muda, akakigeuza huku na huku, na nikajua kwamba hapo moyo wake umeshafunga mkataba.

Juu ya fremu ya chuma kulikuwa na paneli za sola za wati 400 na kinu kidogo cha upepo. Chini ya vitanda, betri za lithiamu. Ilikuwapo mashine ya kutoa chumvi, inayosukuma maji ya bahari kwenye utando kwa shinikizo linalokaribia ba 55 ili yapatikane maji ya kunywa. Redio ya VHF ya masafa mafupi, redio ya masafa marefu, rada, AIS ya kuonyesha meli zilizo karibu, na EPIRB, kile kifaa cha dharura kinachoita setilaiti kwa megahezi 406. Boya kubwa la kuokolea watu sita, limekunjwa ndani ya kasha lake. Nanga tatu, mnyororo wa mita 80, winchi ya umeme ya kuupandisha.

Jikoni ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko palivyostahili. Jiko limening'inizwa kwa pini mbili ili libaki wima boti ikilala ubavu, na mbele yake kuna mkanda wa kumshika mpishi kiunoni. Mtungi wa gesi uko nje kwenye sanduku lake, na sanduku lina tundu chini linalomwaga nje ya boti. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani inatuama pamoja na ngama, yale maji yanayokusanyika chini ya boti, ikingoja cheche. Aliyeipanga boti hii alikuwa ameshachezewa na bahari.

Kasoro zilikuwa mbili za maana. Nyaya za mlingoti zilikuwa zimepita miaka kumi, kipimo ambacho makampuni mengi ya bima hukitumia kudai zibadilishwe, na boya la kuokolea lilikuwa limepitwa na tarehe ya ukaguzi wake. Mengine yalikuwa ya rangi na mpira.

"Mjomba, hii ina kila kitu," mpwa alisema tukiwa bado ndani.

Bahari ilivyoidai

Ni kweli, ina kila kitu, lakini kila kitu kilichomo kiliwekwa kwa sababu. Kutoka Mombasa hadi Victoria, Shelisheli, ni takribani maili 940 za baharini. Boti kama hii ikienda wastani wa noti tano, yaani maili tano za baharini kwa saa, inatumia kama siku nane, na katika siku hizo hakuna fundi, hakuna bomba la maji, na hakuna ufuo wa kukimbilia. Nahodha anasubiri majira: kaskazi inampeleka huku, kusi inamrudisha kule, na mkondo wa pwani yetu unaokwenda kaskazini, ambao wakati wa kusi unaweza kukaribia noti nne, anaupanda au anauogopa. Katika hali hiyo mashine ya kutoa chumvi ni uhai. Redio ya masafa marefu inaleta hali ya hewa. Matanga ya dhoruba ni kwa sababu dhoruba ikikukuta katikati huna pa kujificha. Unapunguza tanga na kuvumilia.

Sasa tuje kwetu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 673 na upana wa wastani wa kilomita 50. Palipo papana kabisa ni kama 72. Maana yake ni kwamba hata ukisimama katikati pale papana, nchi kavu iko kilomita 36 upande wowote. Kigoma hadi Mahale ni kama kilomita 130. Tangi la dizeli la boti hii, lita 200, kwa injini inayokunywa lita tatu kwa saa ikienda noti tano, linatosha maili 330 hivi, yaani karibu ziwa zima kutoka ncha hadi ncha bila kufungua tanga. Nilipompa mpwa hesabu hiyo alifurahi, akidhani namsifia boti.

Vifaa vya bei kubwa kuliko vyote ndivyo vinavyolala usingizi ziwani. Mashine ya kutoa chumvi haina chumvi ya kutoa. Maji ya ziwa yanahitaji kichujio na kuchemshwa kwa ajili ya vijidudu, na hiyo ni kazi ya sufuria. AIS inaona meli zenye AIS. Ukitoka Kigoma usiku wa giza, pale mwezi unapokuwa haupo na wavuvi wa dagaa wako kazini, mbele yako kuna uwanja mzima wa taa za vipe, vyombo vyao vya kuvulia, na hakuna hata moja itakayotokea kwenye kioo chako. Na usichokiona kabisa ni nyavu, ambazo mkuku wa mita 1.9 na propela yake vitazikusanya vizuri sana. Mvuvi aliyechaniwa wavu hataki kusikia habari za setilaiti. EPIRB itatuma ishara yake kama kawaida, lakini atakayekufikia wa kwanza ni huyohuyo mvuvi, kwa injini yake ya nje, kama hujamchania wavu wiki iliyopita.

Sikusema vyote havifai. Sola, betri, taa, friji, kipima kina, VHF, winchi ya nanga, na lile jiko: hivyo vingefanya kazi Kigoma kila siku.

Maji baridi na sifa yasizostahili

Hoja kubwa ya mpwa ilikuwa kwamba ziwani boti itadumu zaidi, kwa sababu maji baridi, yasiyo na chumvi, hayali chuma. Wengi wanaamini hivyo na nusu yake ni kweli. Kutu hupungua, na chaza na makombe ya baharini yanayoganda chini ya boti hayapo. Rangi yenye shaba ya kuwazuia haina kazi hapa, na kwa ziwa lenye samaki wengi wasiopatikana mahali pengine popote duniani, ni sumu tunayoileta bila sababu.

Nusu nyingine haikumpendeza. Faiba hupata malengelenge maji yanapopenya polepole kupita ngozi yake ya nje na kukutana na kemikali zilizobaki ndani; maji yakiwa baridi, yaani yasiyo na chumvi, na yakiwa na joto kama ya kwetu, mchakato huo huenda haraka kuliko baharini. Boti iliyokaa salama Tanga miaka mingi inaweza kuanza kuumuka Kigoma. Vipande vya zinki vinavyofungwa chini ili viliwe badala ya propela hushika ganda kwenye maji baridi na kuacha kazi bila kukuambia. Vinabadilishwa na vya magnesiamu. Maji ya ziwa ni mepesi pia, kwa hiyo boti ya tani tisa inalazimika kusukuma kando lita zipatazo 225 zaidi ili ielee. Mzee alilitaja hilo kwa wasiwasi, mambo ya alama za kupakia melini bado yako kichwani. Nikamwonyesha kwenye karatasi: kwa ukubwa wa boti hii itazama zaidi kwa sentimita moja tu. Hilo tukaliacha.

Radi hatukuiacha. Anayejua Kigoma kuanzia Oktoba hadi Aprili anajua mawingu yanavyojenga juu ya milima ya Kongo na kuja ghafla na upepo wake. Mlingoti wa alumini wa mita 16 katikati ya ziwa ni kitu kirefu kuliko vyote mpaka upeo wa macho. Baharini kinga yake ni waya mnene kutoka mlingotini hadi sahani ya chuma chini ya boti, na sahani yenye ukubwa wa futi moja ya mraba huhesabiwa kuwa inatosha, maana maji chumvi hupokea umeme vizuri. Maji yasiyo na chumvi hupokea vibaya. Umeme ukikosa njia pana ya kutokea hutafuta njia nyingine: unaruka kwenye nyaya, kwenye injini, kwenye tundu lolote la ubavuni. Boti hii ilikuwa na sahani ya bahari. Kwa ziwa ingehitaji kuzungushiwa njia kadhaa za kutolea umeme chini, na kazi hiyo haifanyiki boti ikiwa inaelea.

Na choo. Baharini, mbali na nchi, kuna umbali ambao sheria za kimataifa huruhusu kumwaga. Kwenye ziwa ambalo vijiji vya pwani yake vinachota maji ya kunywa ufuoni, na ambalo mto unaotoa maji nje ni Lukuga peke yake, hakuna umbali wa namna hiyo. Tangi la maji machafu lilikuwamo, dogo. Nani angelinyonya, na kwa gari gani, ufukweni wapi? Liliandikwa kwenye orodha ya mambo ya baadaye.

Tulivyopima ufuo

Nilipendekeza tufanye jambo moja kabla ya kubishana zaidi: twende na boti ya mbao kwenye vijiji vya kaskazini kuelekea Gombe, tupime pale ambapo boti ingelala usiku na wageni. Tulichukua bildi ya kienyeji, kipande cha chuma kwenye kamba iliyofungwa mafundo kila pima moja, karibu mita mbili.

Mahali pa kwanza, ghuba ndogo yenye mchanga mweupe, omo, yaani mbele ya boti, ikiwa karibu na ufuo kiasi cha kurusha jiwe, bildi iligusa kwa pima nne. Tukaiachia boti irudi nyuma, urefu wake mara mbili hivi. Pima kumi na saba. Kijana aliyeshika kamba akaangalia kilichobaki mkononi na kusema, "Mzee, hapa tunaishiwa." Tukarudi nyuma kidogo tena, na mafundo yakaisha bila chuma kugusa.

Hilo si jambo la kushangaza kwenye ziwa lenye kina kinachofikia mita 1,470. Mlima unaouona juu ya kijiji unaendelea chini ya maji kwa mwinuko uleule. Kwa mtu mwenye nanga ni balaa. Kawaida ya nanga ni kuachia mnyororo mara tano ya kina, au zaidi. Ukitupa kwenye mita 12 unahitaji mita 60, na boti inazunguka kwenye duara lenye nusu kipenyo kinachokaribia hizo mita 60. Upande mmoja wa duara hilo ni mawe ya ufuoni. Upande mwingine ni shimo. Usiku upepo unashuka kutoka milimani kwenda ziwani, unaivuta nanga kuelekea chini ya mteremko, mahali ambapo haina cha kushika. Asubuhi upepo unageuka na kuisukuma boti kwenye mawe. Wakati wa kusi, Mei hadi Septemba, msimu huohuo ambao mpwa alitaka kuupa wageni, mawimbi yanayotoka kusini yanakuwa yamepata nafasi ndefu ya kukua.

Wavuvi wamelitatua hilo zamani kwa kutolala majini. Wanavuta chombo mchangani. Boti ya mkuku wa mita 1.9 haivutwi mchangani na mtu.

Zipo njia. Nanga moja kwenye mteremko na kamba ndefu kwenye mti au mwamba ufuoni, boti ikishikwa pande mbili. Mzee anazijua na alizieleza vizuri. Ila ni njia ya kila jioni, kwa mtu wa umri wake, akiwa na kijana mmoja na wageni wanne wanaotaka chakula. Ghuba ya Kigoma yenyewe ina kinga nzuri, na pale boti ingetulia. Basi ingekuwa nyumba ya kuelea Kigoma, na Mahale ingebaki kwenye tangazo.

Njia ya kuifikisha

Kigoma ina historia ndefu ya vyombo vilivyotoka mbali, na Mzee aliitumia sana. Akitajiwa ugumu wa safari alijibu kwa neno moja: Liemba. Ni haki yake. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Ila ilifunguliwa. Kadhalika Lady Alice, boti ya futi 40 ya Stanley, ambayo wapagazi waliibeba ikiwa vipande na ambayo mwaka 1876 alizunguka nayo ziwa hili akianzia Ujiji. Morning Star ya wamisheni wa London, iliyoletwa na baharia Edward Hore na kushushwa ziwani 1883, nayo ilikuja kwa vipande kutoka pwani ya Saadani.

Kati ya vilivyokuja vizima ni Mimi na Toutou, boti za kivita za Waingereza zilizovutwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1915 kwa reli, matrekta ya mvuke na maksai. Zilikuwa na urefu wa futi 40, karibu sawa na yetu. Upana wake, futi 8.

Boti ya Tanga ina futi 12. Faiba haifunguliwi kwa spana, na mzigo wa upana wa mita 3.7 wenye mkuku chini si wa behewa la reli ya mita moja. Kwa barabara inawezekana, kwenye lobedi, lori lenye tela la chini, mlingoti umeng'olewa, kwa vibali vya mzigo mpana na gari la kusindikiza, na kila waya wa umeme njiani ukipimwa. Niliwaonyesha njia niliyoiona bora: kupita Mbeya, Tunduma na Sumbawanga hadi Kasanga, kuishusha kusini mwa ziwa na kupanda nayo hadi Kigoma. Hiyo nayo ingehitaji kreni ya kukodi, iende Kasanga ikiwa tupu na kurudi ikiwa tupu. Ushuru wa forodha ulikuwa bado haujalipwa, kwa kuwa boti iliingia nchini kama chombo cha wasafiri, na anayenunua ndiye angeulipa. Gharama hizo zote pamoja zilikuwa zinaisogelea bei ya boti yenyewe.

Hata hapo Mzee hakutetereka. Watu wa mwisho wa reli wamezoea kuambiwa kitu hakifiki.

Swali la Mama Mkubwa

Aliyebadili mazungumzo ni mkewe, ambaye sote tunamwita Mama Mkubwa. Alikuwa amekaa nasi nyumbani Ujiji jioni tuliyofungua makaratasi, akichambua mchele, hasemi kitu. Akauliza: "Haya, imefika. Ikipasuka chini, nani anaitoa majini?"

Mpwa akajibu kwamba hata Tanga hatukuona kreni, na boti ilikuwa ikipakwa rangi kila mwaka.

Hapo ndipo nilipopata mlango wa kusema nililokuwa nalo tangu Tanga. Kule inatolewa na bahari yenyewe. Maji ya Tanga wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Unaisogeza boti kwenye nguzo maji yakiwa yamejaa, unaifunga, unasubiri. Yakipwa inabaki imesimama juu ya mkuku wake, kavu, na una saa kadhaa za kukwangua, kubadilisha zinki, kuziba tundu. Maji yakirudi inaelea. Kreni ya bure, mara mbili kwa siku.

Ziwa halipwi wala halijai kwa namna hiyo. Hupanda na kushuka kwa misimu, na miaka ya karibuni tangu 2020 limepanda kiasi cha kumeza sehemu za mwambao wetu, lakini halikuachii boti kavu mchana na kuirudisha jioni. Tani tisa zenye mkuku wa karibu mita mbili zinahitaji reli ya kupandishia vyombo au kreni kila zinapohitaji kuguswa chini. Malengelenge, magnesiamu, njia za radi, propela iliyonasa wavu: yote niliyoyataja juu yanaishia kwenye swali la Mama Mkubwa. Kupandisha huko Kigoma ni jambo la kuomba nafasi kwa wenye meli kubwa na kulipa kama meli.

Ndiyo maana nasema orodha ya vifaa ilituhadaa. Tulikuwa tunahesabu vilivyomo ndani ya boti, na vingi vinavyoifanya ikamilike viko nje yake: bamvua ya Tanga, duka la vipuri Mombasa, kituo cha kukagua maboya, fundi wa nyaya anayepita bandarini na boti yake mwenyewe. Mafundi wa Kigoma wanaifungua injini ya nje ya Yamaha gizani na kuirudisha. Injini ya ndani ya dizeli yenye kipozeo cha maji chumvi wangeiweza pia baada ya muda, lakini kila kipuri kingengoja basi.

Walichoamua

Niliwapa njia mbili. Ya kwanza, Mzee ainunue na kuiacha palepale Tanga: aishi humo, aende Pemba na Unguja, na akijisikia aisubiri kaskazi. Kwa boti ile huo ndio ulikuwa ushauri bora na bado naamini hivyo. Mama Mkubwa alisema Tanga hana ndugu. Hoja hiyo haikuwa na jibu la kifundi.

Ya pili waliichukua. Kuna fundi wa mitumbwi Ujiji aliyekubali kuunda chombo cha mita 11 cha mbao za mninga, chini kikiwa bapa kiasi cha kuvutwa mchangani, na badala ya mkuku wa risasi kikawa na ubao wa kupandisha na kushusha kupitia kisanduku cha katikati. Ubao ukiwa juu kinazama sentimita 70. Injini ni ya nje. Matanga yatasaidia kusi ikivuma, na siku tulivu za masika hayatakuwa na kazi, kama ambavyo yasingekuwa nayo kwenye ile ya tani tisa. Mbao nazo zina adhabu yake: maji ya mvua yakituama ndani huozesha, ambapo chumvi ya bahari huzihifadhi, kwa hiyo sitaha itakuwa na mteremko na matundu ya hewa mengi kuliko fundi alivyozoea.

Fedha iliyotangulizwa haikurudi kama fedha. Boti za bahari kuu hubeba akiba ya kila kitu, na wale wazee wa Ulaya walikubali kuibadilisha kwa akiba hiyo: nanga ya tatu, mita 40 za mnyororo, seti ya zamani ya matanga, paneli mbili za sola zilizokuwa zimetolewa, pampu mbili za mkono, na jiko la ziada lenye pini zake. Usukani wa upepo Mzee aliuomba na akakataliwa.

Hivi sasa mataruma, yaani mbavu za chombo, yamesimama na ubao wa kwanza umefungwa. Kinachobishaniwa ni mlingoti. Fundi anataka mita 8, Mzee anataka 11 ili matanga ya Tanga yatoshe bila kukatwa, na mimi nimesema wowote watakaochagua uje na waya wa radi unaoshuka kwenye bamba refu la shaba pande zote mbili za mkuku, liwekwe kabla ya kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, na si baada. Mpwa amezuiwa kutangaza safari ya Mahale hadi ukaguzi wa chombo cha kubeba abiria wa kulipa ukamilike, maana vigezo vyake ni vingine kabisa na vya boti ya mtu anayelala humo na mkewe. Mama Mkubwa ameshapima jiko kwa mkono na kuagiza lihamishwe upande wa kushoto.